Kutoka Mbeya kwenda mpakani kugonga muhuri: maswali ninayoulizwa na wenye wageni

Nina vyumba vichache vya kulaza wageni hapa Mbeya, na kwa miaka kadhaa sasa mtu mwenye mgeni kutoka nje akibanwa na siku za pasipoti, simu inalia kwangu. Leo ni mwalimu wa Mafinga aliyetembelewa na rafiki Mjerumani, kesho ni mama wa Tukuyu mwenye mkwe Mmarekani, keshokutwa ni kijana wa Iringa aliyeambiwa na mtu wa stendi kwamba Tunduma "unagonga tu unarudi". Maswali ni yaleyale. Nimeona niyaandike mara moja, maana sauti nayo inachoka. Mimi si afisa wa Uhamiaji; ni mwenyeji aliyesindikiza wageni mpakani mara nyingi kuliko alivyokwenda harusini.

Safari ya kugonga muhuri ni nini hasa?

Mgeni anatoka nchini kihalali, anagongewa muhuri wa kutoka, anaingia Zambia au Malawi, kisha anarudi na kuomba kuingia upya. Lishike hilo neno "kuomba". Wengi wanadhani muhuri ni kama vocha: ukiisha unanunua mwingine. Viza yenyewe haimpi mtu haki ya kuingia. Afisa aliye dirishani ndiye anayekubali au kukataa, na ndiye anayeandika idadi ya siku.

Viza ya kawaida ya dola 50 ni ya kuingia mara moja. Mgeni akishagongewa muhuri wa kutoka, viza hiyo imekufa, hata kama alikuwa na siku 40 mkononi. Akirudi analipia nyingine. Wamarekani wana utaratibu wao: wanalipa dola 100 na kupata viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, ila kila wanapoingia hawakai zaidi ya siku 90 mfululizo. Kwa hao safari ya mpakani ina mantiki kabisa, kwa sababu viza bado hai na kinachotakiwa ni kutoka na kuingia.

Siku 90 si ndiyo miezi mitatu?

Hapana, na hapa ndipo nilipoumbuka mimi mwenyewe. Mgeni wangu aliingia tarehe 1 Julai, nikahesabu kwa vidole: Julai, Agosti, Septemba, basi mwisho ni tarehe 30 Septemba. Nikampangia safari ya tarehe 29, tena kwa kujiamini. Usiku wa tarehe 27 akakaa mezani na kalenda yake, akahesabu siku moja moja, akaniita. Julai na Agosti zote zina siku 31, kwa hiyo hapo tayari 62. Siku ya 90 ilikuwa tarehe 28 Septemba. Tuliamka saa kumi alfajiri tukakimbia kama tunafukuzwa.

Tangu siku hiyo nahesabu kwa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu, nikianza na siku ya kuingia yenyewe. Halafu nasoma muhuri. Mara nyingine afisa ameandika siku 30 na si 90, na mgeni hakutazama kwa sababu alikuwa na usingizi wa ndege. Kinachotawala ni kilichoandikwa kwenye muhuri, si ulichosoma wala ulichoambiwa.

Akienda Zanzibar wiki moja siku zinaanza upya?

Haziwezi. Watatazama pasipoti yake akishuka, lakini hajatoka Tanzania. Na ile viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda nayo isikuchanganye: Tanzania haimo.

Kwani ni lazima atoke? Hawezi kuongezewa siku hapahapa Mbeya?

Swali hili liwe la kwanza, lakini huwa linaulizwa la mwisho, begi likiwa limeshafungwa. Mpeleke Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, aeleze shida yake, na aende siku zikiwa bado zipo. Mgonjwa aliyelazwa, mtu aliyeahirishiwa ndege, mzee aliyekuja msibani na mambo yakarefuka: hao wasikilizwe ofisini kwanza kabla ya kupakiwa kwenye Costa.

Mimi huuliza jambo moja kabla ya yote: mgeni wako anafanya nini hapa? Kama anatembea, anapanda Mlima Rungwe, anakula parachichi na kupiga picha, ni mtalii, tuzungumze habari za mpakani. Kama anafundisha shule ya kanisa, anajitolea zahanati, anakusanya takwimu za utafiti au anasimamia shamba la mtu, basi shida yake si siku. Shida yake ni aina ya kibali, na hakuna muhuri wa Tunduma utakaoitibu. Vibali vya ukaazi vina madaraja: A kwa mwekezaji na anayejiajiri, B kwa mwajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wa kujitolea. Mwajiriwa anahitaji pia kibali cha kazi kutoka upande wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Kwa shughuli fupi ipo viza ya biashara, dola 250.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Nimeona mashirika yakileta vijana wa kujitolea kwa viza ya utalii, yakiwaambia "tutawapeleka mpakani kila baada ya miezi mitatu". Anayesimama dirishani na kuulizwa maswali ni yule binti wa miaka 20. Mkurugenzi yuko ofisini anakunywa chai.

Tunduma au Kasumulu?

Kutoka mjini Mbeya yote mawili ni zaidi ya kilomita 100 kidogo, kwa hiyo usichague kwa umbali.

Tunduma iko kwenye barabara kuu ya Zambia, mkoa wa Songwe siku hizi, ingawa wazee bado wanasema "Tunduma ya Mbeya" kana kwamba mkoa haukugawanywa mwaka 2016. Upande wa pili ni Nakonde. Magari ni mengi kuanzia alfajiri na watu ni wengi zaidi. Malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanayoelekea bandarini Dar es Salaam yanapita hapo, na foleni yake inaweza kukupokea kilomita kadhaa kabla ya mji. Ukiiona, shuka, chukua bodaboda au tembea. Abiria hana haja ya kungoja zamu ya lori.

Kasumulu iko Kyela, darajani kwenye Mto Songwe, na ng'ambo ni Malawi. Njia yake ni Uyole, Kiwira, Tukuyu, kisha unateremka. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa halifiki 500. Mgeni anaanza safari amevaa koti, Tukuyu anakuta ukungu na mvua, akifika Kyela anatafuta kivuli. Chai, migomba, kakao, mpunga, yote kwa safari moja. Kama ana muda na si lazima akimbizane, mimi namwelekeza huku. Maafisa hawajasongwa na watu, na ukisalimia "ugonile" njiani utajibiwa pande zote mbili za mto, maana Kinyakyusa na Kingonde cha Karonga ni ndugu wa damu.

Tahadhari moja ya Kasumulu: wapiga debe wa stendi watakuapia kwamba gari linafika hadi Malawi. Magari mengi ya Kyela yanakushusha njia panda, kutoka hapo ni bodaboda au teksi hadi geti. Usilipe nauli ya "mpaka Karonga" Mbeya.

Ipo pia Isongole wilayani Ileje, mkabala na Chitipa ya Malawi. Wenyeji wanaitumia sana. Kwa mgeni anayetaka viza mpya nabaki na zile mbili kubwa.

Tuondoke saa ngapi?

Saa kumi na mbili asubuhi muwe ndani ya gari. Mnaotoka Iringa laleni Mbeya usiku wa kuamkia safari. Kutoka Iringa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 300, na ukijumlisha Makambako, Igawa na ujenzi wa njia nne kuanzia Uyole, mtafika mpakani mkiwa hoi na jua limezama. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi umeua watu wengi, kwa hiyo dereva anayeshindana na lori pale mwambieni wazi apunguze.

Halafu kuna suala la saa. Zambia na Malawi wako nyuma yetu saa moja. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Asubuhi hiyo ni faida, jioni ni mtego: mgeni anaona simu yake imejigeuza, inasema saa kumi na moja, anajipa moyo kwamba bado mapema, kumbe Tunduma ni saa kumi na mbili na Costa za Mbeya zinapungua. Mwambie avae saa ya mkononi yenye majira yetu asiiguse.

Pale mpakani kunafanyika nini?

Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu. Maana yake ni kwamba maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Ukienda Zambia, unavuka hadi jengo la Nakonde. Dirisha la Tanzania linakugonga kutoka, la Zambia linakugonga kuingia. Ukirudi, mambo yote yanafanyika jengo la Tunduma. Wageni wengi wanachanganyikiwa hapo: wanatafuta muhuri wa kutoka upande wa Tanzania, hawauoni, kijana mmoja anajitokeza "kuwasaidia".

Huyo kijana hana kazi ya kufanya kwako. Fomu ni bure. Pasipoti haitoki mkononi mwa mgeni isipokuwa inaingia dirishani kwa afisa, na mwenye sare halisi anakaa ndani ya jengo, hasimami kwenye kibanda cha chipsi.

Kila baada ya muhuri, mgeni afungue ukurasa na asome: tarehe, jina la kituo, idadi ya siku. Kosa likionekana palepale linarekebishwa kwa dakika mbili. Likionekana Mbeya limekula siku yako nzima.

Anahitaji viza ya Zambia au Malawi?

Inategemea pasipoti yake. Zambia iliwaondolea viza watalii wa nchi nyingi mwezi Novemba 2022, wakiwemo wa Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, China na Japani. Malawi nayo ilifungua milango kwa mataifa mengi Februari 2024, lakini sera yake ya viza imekuwa ikigeuka, kwa hiyo aangalie tovuti ya Uhamiaji ya Malawi wiki ileile ya safari, asitegemee alichosimuliwa na aliyekwenda mwaka juzi.

Jambo baya kuliko yote ni hili: mtu amegongewa kutoka Tanzania, viza yake ya kuingia mara moja imekufa, na ng'ambo wanamkataa. Anabaki darajani. Angalia nchi ya pili kwanza, halafu ndiyo uulize nauli.

Viza mpya ya Tanzania alipie mpakani au mtandaoni?

Kama pasipoti yake ni ya taifa linaloruhusiwa kupata viza mpakani, Tunduma na Kasumulu zote hutoa. Mimi napendelea mtandaoni, na iombwe mapema. Huduma hiyo ya Uhamiaji ipo tangu mwaka 2018 kwenye visa.immigration.go.tz. Ukurasa wowote usioishia na go.tz, hata ukipambwa bendera na twiga, ni wa wafanyabiashara wanaokutoza juu ya ada. Yapo pia mataifa ambayo maombi yao lazima yapitishwe makao makuu kabla mtu hajafika. Mgeni wa namna hiyo akitoka bila viza mpya mkononi, amejifungia nje mwenyewe.

Abebe nini?

Pasipoti yenye uhai wa miezi sita na zaidi, na kurasa tupu. Nakala ya viza. Tiketi ya ndege ya kuondoka, kama anayo, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi inayomtuliza afisa kuliko maelezo yote. Anwani na namba ya simu ya mwenyeji, yaani wewe, na wewe upokee simu siku hiyo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na tangu 2016 ni cha maisha, kwa hiyo kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi hakijafa. Kyela ina mbu, alale ndani ya neti.

Dola ziwe noti safi. Iliyokunjwa nne, yenye mhuri wa benki au ya toleo la zamani itarudishwa, na kubishana hakusaidii.

Na kubadilisha fedha?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapolizwa.

Zambia wana kwacha na Malawi wana kwacha. Jina moja, fedha mbili, na thamani zake ziko mbali sana: kwacha moja ya Zambia inanunua kwacha nyingi za Malawi. Mgeni anayepokea noti za Malawi akiwa Nakonde ameibiwa mchana kweupe, na kwa kuwa zimeandikwa "kwacha" hatashtuka. Mtego wa pili ni noti za kizamani. Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake. Noti zenye maelfu mengi zilizotangulia hazina kazi tena, lakini bado kuna mtu anaweza kumtolea mgeni burungutu lake kwa tabasamu.

Tatu ni vidole. Mbadilishaji wa barabarani anahesabu mbele yako, zimetimia; anakumbuka kitu, anazichukua ahesabu tena, anakurudishia. Zile za katikati zimeshapungua. Mimi nilipoteza shilingi elfu sitini hivyo, na nilikuwa nimejiona mjanja wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Siku hizi nafanya hesabu kwa simu yangu kabla, naingia duka la kubadilishia fedha au benki, na kwa mgeni wa siku moja tunabadilisha ya chakula na maji tu. Kikokotoo cha mbadilishaji usikiamini, vingine vimefundishwa kudanganya.

Lazima alale ng'ambo?

Hakuna anayepaswa kulala kwa sababu tu ya muhuri, lakini ukiwa wewe ndiye afisa, unamwona mtu aliyetoka saa nne anaomba miezi mitatu mingine saa tano na nusu, utamuuliza nini? Akirudi baada ya siku mbili ana cha kueleza. Kwa Malawi ni rahisi: Karonga iko chini ya saa moja kutoka mpakani, ina jumba la makumbusho lenye mifupa ya mfano ya Malawisaurus, mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyefukuliwa wilayani humo, na ina ufukwe wa ziwa. Akiwa huko aliite Ziwa Malawi. Akirudi kwetu aliite Nyasa. Dirishani si mahali pa kumaliza mzozo wa mpaka wa ziwa.

Akiulizwa anarudi kufanya nini?

Aseme kweli, kwa kifupi. "Natembelea marafiki Iringa, naondoka tarehe 14 mwezi ujao, tiketi hii hapa." Asijifunze hotuba. Asalimie kwanza, "shikamoo afande" kutoka kwa Mholanzi mwenye nywele za kijivu imelainisha nyuso nyingi nilizoziona, ingawa kwa afisa kijana "habari za kazi" inatosha. Malipo yoyote yawe na stakabadhi ya serikali. Akidokezwa kitu kidogo, aombe stakabadhi kwa upole, mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Mara ngapi anaweza kufanya hivi?

Mara ya kwanza huwa haina neno. Mara ya pili maswali yanaongezeka. Pasipoti yenye mihuri ya Tunduma iliyopangana kila baada ya siku 89 inasimulia hadithi yake yenyewe, na afisa anajua kusoma.

Mimi ninayemsindikiza nahitaji pasipoti?

Ukivuka, ndiyo. Mtanzania haombi viza Zambia wala Malawi kwa matembezi, lakini pasipoti unagongewa kama yeye. Ya kawaida inatolewa kwa shilingi 150,000. Kama huna, baki Tunduma unywe chai. Usivuke kwa njia za panya eti kwa sababu wachuuzi wa Nakonde wanapita na ndoo zao za dagaa kila siku. Wao wanajulikana, wewe umefuatana na mzungu mwenye begi la mgongoni.

Gari lako liache upande wetu. Kulivusha kunataka vibali na bima ya huko, kwa safari ya saa chache ni kujitafutia kazi.

Kuna mtu ameniambia nimpe pasipoti na laki mbili, mgeni abaki Mbeya.

Usimpe. Muhuri wa kutoka kwa mtu ambaye hakutoka ni jinai kwa mgeni, kwa huyo mtu na kwako uliyewakutanisha. Wakikamatwa, wa kufukuzwa nchini ni mgeni, na wa kuhojiwa kijijini ni wewe.

Siku zimeshapita tatu. Tukimbilie mpakani?

Nendeni Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa leo hii, na pasipoti, mkiwa wapole. Kuzidisha siku ni kosa, lakini anayejipeleka anaongea akiwa amekaa. Anayegunduliwa dirishani Tunduma, gari likimsubiri nje, anaongea akiwa amesimama na jasho.

Tule wapi?

Ukipitia Kasumulu, wakati wa kurudi shuka Kyela mjini ule wali wa pale na samaki wa ziwani, halafu nunua mchele wa kupeleka nyumbani kabla hujapanda gari la Tukuyu. Tunduma kuleni upande wetu, ugali na nyama choma, fedha mfukoni mbele. Na mkifika Mbeya usiku, leteni koti, mgeni atakuwa ameshasahau baridi ya huku.